Duka la Lee Brewster la Barabara ya 14: tathmini ya duka ambalo halipo tena

Kwa miaka minne niliuza viatu katika duka la mjomba wangu mjini Mombasa, na katika miaka hiyo nilijifunza kwamba swali moja la mwuzaji linaweza kumfukuza mteja haraka kuliko bei. Alasiri moja aliingia kijana mrefu, akasimama mbele ya rafu ya viatu vya kike, akakichukua kiatu cheusi cha mchuchumio kilichowekwa pale kwa maonyesho, kisha akauliza kama tulikuwa na saizi 44. Sisi tuliishia 42. Badala ya kumwambia hivyo, nilimwuliza, bila nia mbaya yoyote ninayoikumbuka, "Ndugu yangu, ni vya nani?" Akajibu kwamba ni vya dada yake aliyeko bara, akakigeuza kile kiatu mkononi mara mbili, akakirudisha rafuni na kutoka. Mjomba, aliyekuwa akihesabu fedha nyuma ya kaunta, hakuinua hata kichwa. Alisema tu kwamba mteja huulizwa saizi, haulizwi mambo yake.

Nimeanzia mbali namna hii kwa sababu duka ninalotaka kulitathmini sikuwahi kuliingia, na leo hakuna awezaye kuliingia, lakini kila ninaposoma habari zake nalipima kwa swali lile nililouliza. Lilikuwa New York, Marekani, kwenye jengo nambari 400 la Barabara ya 14 Magharibi, ghorofani, na liliitwa Lee's Mardi Gras Boutique. Liliuza nguo, viatu, mawigi na vipodozi vya kike kwa watu ambao maduka mengine yaliwauliza vile vile nilivyouliza mimi, au yaliwacheka, au yaliwaonyesha mlango: wanawake ambao walipozaliwa walihesabiwa kuwa wanaume, wanaume waliopenda kuvaa magauni nyumbani au jukwaani, na wengine ambao hawakuwa wamejipa jina lolote bado. Neno transijenda halikuwa limeenea duka lilipoanza, kwa hiyo mchanganyiko huo wote ulikaa chini ya maneno mengine ambayo baadhi yake leo hayapendwi. Hapa Kiswahili kinanipunguzia kazi, kwa kuwa nikisema mtu alikuja, akajaribu, akalipa, sijasema kama ni mwanamume au mwanamke, na mwuzaji hodari huzungumza na wateja wake kwa adabu hiyo hiyo hata kama lugha yake haimsaidii.

Mwenye duka, Lee Brewster, alizaliwa katika jimbo la Virginia mwaka 1943. Kabla ya kuingia biashara alikuwa karani wa idara ya alama za vidole katika shirika la upelelezi la FBI, akafukuzwa kazi kwa kudhaniwa kuwa ni mpenda jinsia moja. Huwa nafikiri kwamba mtu aliyewahi kupanga mafaili ya aina hiyo, kisha akageukwa na mafaili hayo hayo, hahitaji kuelezwa na mtu yeyote kwa nini mteja fulani hapendi kuandika jina lake. Katika miaka ya 1960 alihamia New York akajiunga na Mattachine Society, chama cha kutetea wapenda jinsia moja, akawa mwandalizi wa dansa za mavazi ya kike zilizokichangia chama hicho fedha. Kasoro ilikuwa kwamba Mattachine ilijitahidi kuuonyesha umma kwamba watu wake ni watu wa suti na tai, na haikufurahia sana kuonekana pamoja na wanaume waliovaa magauni, ingawa fedha za magauni hayo haikuzikataa. Brewster alijitenga. Mwaka 1969, mwaka ule ule wa ghasia za baa ya Stonewall, wateja wake wapenda jinsia moja walipowapinga polisi waliowavamia, yeye na mwenzake aliyejulikana kwa jina la Bunny Eisenhower waliunda kundi la Queens Liberation Front, na biashara yake, iliyoanza kwa kupokea maagizo ya posta, ikakua pamoja na kundi hilo.

Ili kulipima duka hili kwa haki, msomaji hana budi kujua lilifunguliwa katika hali gani ya sheria. Jimbo la New York lilikuwa na sheria ya mwaka 1845 iliyoharamisha mtu kuonekana hadharani akiwa amejifunika uso au kujigeuza sura. Ilitungwa dhidi ya wakulima wapangaji wa bonde la mto Hudson, waliokuwa wakigoma kulipa kodi ya ardhi na ambao, ili wasitambuliwe walipowakabili maofisa wa serikali, walivaa vinyago na magauni ya pamba. Ugomvi wa mashamba ulikwisha, sheria ikabaki, na katika karne ya 20 polisi wakaigeuza chombo cha kuwakamatia watu waliovaa nguo zisizolingana na jinsia iliyoandikwa kwenye vitambulisho vyao. Mitaani ilisemekana kwamba ukiwa na vipande vitatu vya nguo za jinsia yako umesalimika. Wanahistoria hawajakipata kifungu cha namna hiyo katika sheria, lakini watu waliishi kana kwamba kipo, wakihesabu soksi na fulana kabla ya kutoka nyumbani. Sheria yenyewe ilifutwa mwaka 2020 tu, wakati ambapo maradhi ya korona yalimlazimu kila mtu kuvaa barakoa na Bunge la jimbo likatambua kwamba kila aliyeko barabarani alikuwa anaivunja.

Katika hali hiyo, kumwuzia mtu sidiria bila maswali lilikuwa jambo zito kuliko linavyosikika.

Nianze na shehena, kwa kuwa hapo ndipo duka lolote hujulikana. Brewster aliweka viatu vya kike vya saizi kubwa, magauni yaliyokatwa kwa mabega mapana, mawigi, koseti za kubana kiuno, matiti bandia, pedi za kujazia nyonga, vipodozi vya kufunika kivuli cha ndevu. Mtu asiyewahi kuuza nguo ataiona orodha hii kama orodha ya vichekesho, lakini mimi naiona kama ya mtu aliyefanya utafiti. Kiatu cha kike cha saizi kubwa hakipatikani kwa kukirefusha cha saizi ndogo: ukikiongeza urefu bila kuongeza upana wa mbele, vidole vinakwama, na kisigino kilichotengenezwa kubeba uzito mdogo hukatika. Gauni nalo lina shida ya kwapa, kwa sababu mabega yakizidi, mkato wa mkono hupanda na kukaba. Kiuno cha mwili uliokua kiume kimekaa chini kidogo, hivyo gauni la dukani hukunjamana mgongoni. Mambo haya hayajulikani kwa huruma peke yake. Yanajulikana kwa kuwasikiliza wateja wengi, kuagiza, kurudishiwa, kuagiza tena, na kukubali kufunga mtaji katika bidhaa ambayo msambazaji amekuambia haina soko.

Naomba nikae hapo kidogo, kwa kuwa watu wengi wanapowakumbuka wafanyabiashara waliowapokea watu waliobadili jinsia, husifu moyo wao na kuzisahau rafu zao. Moyo mwema usio na saizi 44 humwacha mteja akitembea na kiatu kinachombana. Wako wauzaji wengi wapole ambao wangempokea yule kijana wa Mombasa kwa tabasamu na bado akatoka mikono mitupu. Brewster alimpa mteja wake kitu ambacho kila mteja mwingine wa jiji lile alikiona cha kawaida, yaani nafasi ya kusema kwamba rangi hii hainipendezi, nipe nyingine. Anayepata kiatu kimoja tu kinachomwingia hachagui, na mteja asiyechagua hushukuru kwa kila anachopewa, jambo ambalo si zuri kwa biashara wala kwa mteja.

Palikuwa pia na sehemu ya vitabu na majarida, na sehemu hiyo, kwa maoni yangu, ndiyo iliyolitofautisha duka hili na mengine ya aina yake. Mtu aliyetoka mji mdogo wa mbali akiamini kwamba yuko peke yake duniani aliweza kuja kununua wigi akakuta kabati zima la maandishi kuhusu watu wanaofanana naye. Brewster mwenyewe alichapisha jarida liitwalo Drag kuanzia mwanzoni mwa miaka ya 1970, ambamo habari za kesi za mahakamani, taarifa za mikutano, picha za mashindano na matangazo ya bidhaa zake vilikaa pamoja. Wapo watakaosema kwamba jarida la aina hiyo ni tangazo lililovaa joho la harakati. Nimepitia baadhi ya matoleo yake yaliyohifadhiwa katika maktaba za kidijiti, na sioni aibu hapo, kwa sababu matangazo ndiyo yaliyolifikisha jarida kwa mtu aliyetafuta viatu tu, na mtu huyo akajikuta amesoma pia kuhusu haki zake anapokamatwa.

Mahali pa duka panastahili kusifiwa na kulaumiwa kwa wakati mmoja. Eneo hilo linaitwa Meatpacking District, na zamani zile lilikuwa la mabucha ya jumla: mchana wanaume wenye aproni zenye damu walipakua nyama kutoka malorini, na jioni milango ya chuma ikateremshwa, mitaa ikabaki na harufu na giza. Kodi katika eneo kama hilo ilikuwa nafuu kuliko ya mitaa ya maduka ya nguo, na mteja hakuwa na hofu kubwa ya kukutana na jirani yake akinunua mkufu. Tena duka lilikuwa juu. Mwuza viatu yeyote atakuambia kwamba kukosa dirisha la mtaani ni nusu ya hasara, kwa kuwa dirisha ndilo linalomwita mpita njia. Kwa duka hili, kukosa dirisha kulikuwa sehemu ya huduma, na yeyote aliyepanda ngazi zile alijua anakokwenda. Hata hivyo ngazi zina ujumbe wake, na sidhani kwamba wateja hawakuusikia: mavazi ya wanawake wengine yaliuzwa chini, mbele ya macho ya watu, na yao yaliuzwa juu, karibu na machinjio. Silaumu duka kwa hilo, kwa maana kosa lilikuwa la jiji, lakini tathmini inayosifu faragha bila kutaja gharama yake haijakamilika.

Fedha za duka hazikuishia dukani. Kupitia Queens Liberation Front, Brewster aligharimia mawakili waliopinga kanuni za jiji zilizozifanya kumbi za burudani kuogopa hata kuwaruhusu wapenda jinsia moja na watu waliovaa mavazi ya jinsia nyingine kuingia, na kundi hilo lilihesabiwa miongoni mwa waliosaidia kuziondoa. Hapa naona hesabu ya mfanyabiashara imekwenda sambamba na hesabu ya mwanaharakati, kwani mteja anayeweza kukamatwa akiwa amevaa gauni ulilomwuzia hatarudi kununua la pili. Sioni sababu ya kuona haya kwa hesabu hiyo, kama ambavyo hatumwonei haya mwenye mgahawa anayepigania barabara ya mbele ya mgahawa wake itiwe lami.

Jambo moja alilolifanya halina hesabu yoyote ya faida, nalo lilitokea tarehe 24 Juni 1973, katika mkutano wa maandamano ya kila mwaka ya kuikumbuka Stonewall, kwenye bustani ya Washington Square. Sylvia Rivera, mwanaharakati wa watu waliobadili jinsia, alipanda jukwaani baada ya kuzuiliwa kwa muda mrefu, akawakumbusha waliokusanyika juu ya wenzao waliofungwa gerezani, akazomewa. Kisha Jean O'Leary akasoma tamko la kundi la wanawake lililowashutumu wanaume wanaovaa mavazi ya kike kwamba wanawadhihaki wanawake kwa ajili ya burudani na faida. Brewster alikishika kipaza sauti, akawaambia waliokuwepo kwamba baa wanazokunywa humo zilifunguliwa kwa jasho la hao wanaotakiwa sasa wanyamaze, akalivua taji lake akalitupa kwa umati. Fujo iliyofuata ilitulizwa na mwimbaji Bette Midler, aliyekuwa akisikiliza redioni na akaja kuimba. Miaka mingi baadaye O'Leary alisema hadharani kwamba alijutia msimamo wake wa siku ile. Nimelileta tukio hili ndani ya tathmini ya duka kwa sababu mfanyabiashara mwenye wateja wa siri angeweza kabisa kukaa kimya, na wateja wake wangemwelewa.

Sasa kasoro, maana haitoshi kusifu. Wigi zuri ni ghali, matiti bandia ni ghali, na kiatu cha saizi isiyo ya kawaida hugharimu zaidi kwa sababu kiwanda hutengeneza vichache. Aliyeweza kununua bila kuhesabu mara mbili alikuwa zaidi mtu mwenye ajira na akaunti ya benki, mara nyingi mume wa mtu, aliyelivaa gauni Jumamosi na kurudi kwenye suti Jumatatu. Wale walioishi kama wanawake saa 24 ndio waliokuwa maskini zaidi, kwa kuwa ajira ziliwakataa. Rivera na mwanaharakati mwenzake, Marsha P. Johnson, waliunda kundi la STAR mwaka 1970 na kuwapatia vijana wasio na makao nyumba ya kulala, wakiilipia kodi kwa fedha za ukahaba, na haikuchukua muda wakafukuzwa kwa deni. Mitaa iliyolizunguka duka la Brewster yenyewe ilikuwa kwa miaka mingi mahali ambapo wanawake waliobadili jinsia walisimama usiku wakingoja magari. Duka juu, wao chini. Sijui njia ambayo duka lolote lingeweza kuliziba pengo hilo, na simdai Brewster alichokosa kukitoa jiji zima, lakini mtu akilikumbuka duka hilo kama kimbilio la wote atakuwa ameliongezea rafu ambazo halikuwa nazo.

Kabla ya Brewster palikuwa na Marie, mwanamke mwenye duka la mawigi katika Fifth Avenue ya jiji hilo hilo, ambaye katika miaka ya 1950 na 1960 yeye na mwenzi wake, Susanna Valenti, waliwakaribisha wageni kwenye nyumba yao ya milimani Catskill ili waweze kushinda wikiendi nzima wakiwa wamevaa walivyotaka, wapike, wacheze karata, wapigane picha. Picha hizo ziliokotwa mwaka 2004 katika soko la vitu vikuukuu na zikachapishwa mwaka uliofuata. Nazitaja kwa sababu zinaonyesha kitu ambacho duka la Barabara ya 14 halikuwa na nafasi nacho. Katika picha za nyumba ya Marie watu wamekaa tu, mmoja amekunja miguu kwenye sofa, mwingine ameshika kikombe, na hakuna anayeharakisha kulipa na kushuka ngazi. Kwa mawigi yenyewe siwezi kulinganisha, ingawa yanakaa vizuri vichwani hata katika picha zilizofifia.

Brewster alifariki tarehe 19 Mei 2000, akiwa na umri wa miaka 57. Mabucha ya mtaa ule yamehama karibu yote, na mahali pake pamekuja hoteli na maduka ya wabunifu wa mitindo. Mbele ya nambari 400, ng'ambo ya barabara, kuna duka kubwa la Apple lenye madirisha makubwa ya vioo, ambamo kila anayeshika bidhaa huonekana na mtaa mzima. Nilisimama hapo mwaka jana katika safari ya kikazi, nikitazama madirisha ya ghorofani upande wa pili na kujaribu kukisia ni lipi lililokuwa karibu na viatu.

Usiku ule nilimpigia mjomba simu. Bado anauza, ingawa siku hizi kaunta ameiachia binamu yangu. Nilimwuliza kama anaagiza viatu vya kike vya saizi 44. Alisema msambazaji wake anaishia 42 kama zamani, na kwamba hakuna aliyewahi kuulizia zaidi ya hapo. Kisha akanyamaza kidogo, nikadhani simu imekatika.

"Isipokuwa yule," akasema.